Shahidi wa Maneno Sitini

Jumanne hiyo, baada ya sala ya alasiri, mshonaji alikaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa benchi lililo nje ya ofisi ya Baraza la Wanachuoni, akishona matundu ya vifungo kwenye shati la mteja. Benchi lilikuwa na mguu mmoja mfupi, naye alikuwa amejifunza kulikalia bila kulitikisa. Uzi alikuwa nao mdomoni, na mto mdogo wa pini ameufunga kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Jumanne za miaka minne zilikuwa zimepita hivyo. Mashati aliyoyamalizia pale yangetosha kuvisha shule nzima, walimu wakiwemo.

Mume wake aliyefariki akaja akaketi kando yake.

Alikuja kwa miguu kutoka upande wa makaburini, amevaa sanda, mabegani ana vumbi kidogo. Mshonaji alisogeza mkoba ampishe. Alimtazama kama mke anavyomtazama mume aliyechelewa kurudi, akaona amekonda, akakata uzi kwa meno.

"Salaam alaikum," marehemu alisema. "Nimepewa maneno sitini."

Mshonaji hakuwa mzito wa hesabu. Alihesabu pini hamsini na tano akaziacha kwenye mto, zilizobaki akazitia mfukoni.

"Umeshatumia matano," alimwambia. "Basi ufunge mdomo. Yaliyobaki ni ya Baraza."

Haikuwa amri ngumu kwake. Alipokuwa hai alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa kushinda na skrubu midomoni, na maneno sitini yangemtosha wiki nzima. Alikuwa na kasoro moja tu, nayo ni malezi mema: hakuweza kumwacha mtu mzima aulize swali asijibiwe. Mkewe aliijua kasoro hiyo, na ndiyo iliyomtia wasiwasi tangu dakika ile.

Shauri lenyewe lilikuwa fupi. Siku ya ndoa fundi hakuwa na mahari ya kutoa ila nyumba ya vyumba vitatu aliyoijenga kwa mikono yake. Akampa. Bibi harusi akaikubali, mashahidi wawili wakasikia, karatasi ikaandikwa. Katika chumba cha mbele, chenye dirisha linalotazama barabara, mke akaweka cherehani yake na akashona humo miaka kumi na saba. Fundi alipofariki, mdogo wake alikuja kuomboleza. Aliomboleza siku saba, na siku ya nane, shemeji yake akiwa amekwenda kuzuru kaburi, akabadilisha kufuli. Karatasi ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa ndani. Mashahidi wawili wa ndoa nao walikuwa wamekufa, na inavyoonekana wao hawakupewa ruhusa ya kurudi. Mahakama ilisema mahari ni jambo la dini, ikamtuma kwa Baraza. Baraza likampa nambari mbili, naye akahamia kwa dada yake, katika chumba ambamo kitanda na cherehani visingeweza kuenea kwa pamoja.

Marehemu, kwa ishara za vidole, alimwonyesha mkewe kwamba kufuli ile angeifungua kwa dakika moja.

"Najua," mkewe alisema. "Lakini sitaki kuingia kwangu kama mwizi. Nataka wenye elimu waseme ni kwangu, halafu niingie mchana, watu wakiniona."

Marehemu alitikisa kichwa kukubali, na wakangoja.

Nambari mbili haikuwa dhuluma, kwa kuwa faili lake kweli lilikuwa la pili kufika. Faili la kwanza lilikuwa la Mahdi. Zamani Baraza lilikuwa likifungua mafaili matatu au manne kwa mpigo, mpaka siku moja feni ilipochanganya karatasi, muuza viatu mmoja akajikuta amemtaliki mwanamke ambaye hakuwahi kumwoa, na mwalimu wa hesabu akarithishwa ng'ombe wa watu asiowajua. Ilichukua mwaka mzima kumrudisha kila mtu kwake. Tangu hapo ikawekwa kanuni kwamba meza ya Baraza itakuwa na faili moja tu, na halifunguliwi jingine mpaka hilo lifungwe kwa saini za wanachuoni wote watatu. Karani aliiandika kanuni kwa rangi nyekundu akaibandika juu ya mlango, ndani. Feni wakaiuza.

Miaka saba kabla ya fundi kufariki, mpita njia mmoja alileta barua yenye swali la mstari mmoja. Je, Mahdi tumngojaye amekwisha zaliwa, au atazaliwa, au hakuna wa kungojwa? Hakuacha anwani, na hakuonekana tena. Lakini swali lilikuwa limepokelewa na kupigwa muhuri.

Wanachuoni wale watatu waliteuliwa kutoka madhehebu na mirengo tofauti, makusudi, ili pasiwe na malalamiko. Wa kwanza, aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake na hivyo kuitwa Sheikh Mkubwa, alishikilia kuwa Mahdi bado hajazaliwa. Atakuwa mtu kama watu, wa kizazi cha Mtume kupitia kwa bintiye, jina lake kama la Mtume na la baba yake kama la baba yake Mtume, na mapokeo yanayomtaja ni mengi mno kuyakanusha, hata kama moja moja lina udhaifu. Wa pili, Sheikh Miwani, alishikilia kuwa amekwisha zaliwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, ni Imamu wa kumi na mbili, yu hai, na amefichwa na Mungu machoni pa watu mpaka wakati wake. Wa tatu alikuwa amesomea historia mpaka ngazi ya juu, wakamwita Daktari. Yeye alisema vile vitabu viwili vya hadithi za Mtume vinavyoaminika zaidi havimtaji kwa jina hilo, kwamba kila kizazi kilichoonewa kilimtamani mkombozi na kila kundi lililotaka utawala likampata, na kwamba ingefaa Waislamu wainuke wenyewe badala ya kungoja. Alikuwa amelisema hilo kila Jumanne kwa miaka kumi na mmoja, akiwa amekaa kwenye kiti kile kile.

Hawakuwa watu wabaya. Walipendana, wakipitishiana bakuli la sukari kabla ya kuombwa, na mmoja akiugua wenzake walikwenda kumwangalia wakiwa na vitabu kwapani. Mshonaji, kwa kusikiliza dirishani, alikuwa amejua mengi kuliko wanafunzi wao. Alijua kuwa Mahdi atakuwa na paji pana la uso na pua iliyochongoka, kwamba atatawala miaka saba au tisa, na kwamba ataijaza ardhi haki na uadilifu kama ilivyojazwa dhuluma na jeuri. Sentensi hiyo ya mwisho wote watatu waliipenda, hata Daktari, ambaye alisema sanadi yake, yaani mlolongo wa walioipokea, ina matatizo lakini maana yake ni nzuri.

Karani alitoka na daftari lake la mahudhurio.

"Jina?" alimuuliza marehemu.

Mshonaji akajibu kwa niaba yake.

"Shahidi hasemewi, mama. Ajibu mwenyewe."

Marehemu akataja jina lake, la baba yake na la babu yake. Mshonaji akachomoa pini tatu.

"Umefariki lini?"

"Si wewe uliyeandika cheti cha kifo?" mshonaji alisema.

"Ajibu, mama."

"Miaka minne iliyopita," marehemu alisema.

"Na umekuja kwa lipi?"

"Kumshuhudilia mke wangu."

Karani aliandika yote kwa mwandiko mzuri. Alieleza kwamba faili la mkewe ni nambari mbili na sasa wapo kwenye nambari moja, kwa hiyo ushahidi wake hauwezi kupokelewa leo. Hata hivyo, akaongeza, wanachuoni wangefurahi kuonana naye, maana si kila siku Baraza hupata mtu wa kutoka huko.

Walifurahi kweli. Sheikh Mkubwa alimpa kiti na pole ya safari. Daktari, ambaye hakuamini mapokeo mengi, alivuta kiti karibu, kwa kuwa huyu hakuwa mapokeo.

"Mwanangu," Sheikh Mkubwa alisema, "huko ulikotoka, umesikia lolote kuhusu Mahdi? Amekwisha zaliwa?"

"Sijui, Sheikh."

Nje ya dirisha mshonaji alichomoa pini mbili, moja yake ikiwa ya adabu tu.

"Lakini je," Sheikh Miwani akauliza, "miongoni mwa wafu, ulimkuta?"

"Sikumkuta."

Wote watatu wakaanza kuandika kwa pamoja. Sheikh Miwani aliandika kwamba hakumkuta kwa wafu kwa sababu yu hai. Sheikh Mkubwa aliandika kwamba hakumkuta kwa sababu hajazaliwa. Daktari aliandika kwamba hakumkuta kwa sababu hayupo. Kila mmoja alimshukuru marehemu kwa kumaliza ubishi, wakatazamana, na ubishi ukaanza upya.

"Nililala tu," marehemu alisema, akichelea kuonekana mtu wa majivuno. "Huko hatuambiwi."

Alipotoka, mkewe alimpokea mlangoni. "Thelathini na tisa," alimwambia. "Umepoteza ishirini na moja na nyumba haijatajwa." Hakusema kwa ukali. Jua lilipokaribia kuzama marehemu aliinuka akarudi alikotoka, kama mtu aliyemaliza zamu.

Jumanne ya pili mshonaji alimletea shati lake la zamani la kazini, kwa sababu sanda haina vifungo na upepo ulikuwa mkali. Alimfunga kola mwenyewe. Alimwambia wakimuuliza chochote atikise kichwa, aseme ndiyo au hapana kwa shingo, hakuna aliyewahi kuhesabiwa shingo. Lakini karani alisema kutikisa kichwa hakuandikiki. Siku hiyo yaliondoka maneno kumi na moja: Sheikh Miwani alitaka kujua kama wafu huhisi uwepo wa aliyefichika, na Daktari alitaka kujua kama kaburini kuna anayezungumzia siasa. Jumanne ya tatu yaliondoka tisa. Marehemu alikuwa akijibu kwa ufupi awezavyo, lakini walikuwa watu wazima, nao walikuwa wakiuliza kwa upole, na upole ndio uliokuwa ukimmaliza.

"Ndugu karani," mshonaji alisema jioni hiyo, "hili faili la kwanza linafungwa lini? Niambie ukweli. Mume wangu amebakiwa na maneno kumi na tisa."

Karani hakuwa mtu wa kuficha. Alimweleza kwamba jibu lilikwisha andikwa miaka mitatu nyuma, na lilikuwa zuri: wanachuoni wametofautiana, kila upande una hoja zake, na Mungu ndiye ajuaye zaidi. Wote watatu walikuwa tayari kutia saini. Lakini kila wanapofungua kalamu, huletwa swali la nyongeza, na swali la nyongeza haliwezi kuachwa.

"Nani huyaleta?"

Karani alifungua faili, akamwonyesha. Barua zilikuwa sita, zote kwa wino wa bluu. Ya kwanza iliuliza kama Mahdi atatokea mashariki, na mashariki ya wapi. Ya tatu iliuliza kama miaka saba au tisa ya utawala wake ni ya mwezi au ya jua. Ya sita iliuliza kama paji pana la uso hupimwa kuanzia kwenye nyusi. Mshonaji aliutambua mwandiko. Ndio uliokuwa kwenye kadi ya rambirambi aliyoletewa baada ya mumewe kufariki.

"Shemeji yako ni mdadisi sana," karani alisema. "Vijana wa siku hizi hawaulizi hivyo."

"Wewe unajua kwa nini anauliza?"

Karani alifunga faili taratibu. "Mama, kazi yangu ni kupokea swali. Nia ya muulizaji haina mahali pa kuandikwa."

Jua lilikuwa bado halijazama. Mke na mume waliondoka pamoja, wakapita mtaa wa mafundi viatu, wakapita kwenye duka la vioo ambako yeye alionekana na mumewe hakuonekana, mpaka mbele ya nyumba yao. Shemeji alikuwa chumba cha mbele. Cherehani ilikuwa imesukumwa kwenye kona na kufunikwa shuka, na mahali pake palikuwa na rafu ya vitabu vya dini, vipya, vingi vikiwa bado na karatasi ya nailoni. Alifungua dirisha akatabasamu.

"Karibuni, shemeji. Kaka, hujambo?"

"Sijambo," marehemu alisema.

"Usimjibu!" mkewe alimvuta mkono wa shati.

"Na wazazi wetu huko, umewaona?"

"Nimewaona."

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimu."

Shemeji alishukuru kwa salamu. Alikuwa na macho ya mtu anayehesabu, lakini hakuwa na pini. Mshonaji aliziba mdomo wa mumewe kwa kiganja, kikawa baridi.

"Shemeji," alisema, "unajua fika hii nyumba ni mahari yangu. Karatasi unayo kabatini. Unajua pia kwamba maswali yako ndiyo yanayoniweka benchini."

"Shemeji yangu, mimi nauliza dini. Tangu lini kuuliza dini kukawa kosa?" Alisema bila hasira, kama mtu aliyejikinga vizuri. "Baraza likisema nyumba ni yako, nitahama siku hiyo hiyo. Mimi sibishani na wanachuoni."

Marehemu aliuondoa mkono wa mkewe mdomoni. "Mrudishie," alimwambia mdogo wake. "Nyumba yake."

"Baraza likisema, kaka," shemeji alijibu, akafunga dirisha polepole ili lisiwabane vidole.

Yalibaki maneno kumi na matatu. Njiani mshonaji alilia, waziwazi, watu wakimpita. Hakulia kwa ajili ya nyumba. Alilia kwa kuwa alikuwa na mume kando yake baada ya miaka minne na hakuthubutu kumuuliza hata kama huko kuna baridi.

Wiki ile alitunga ushahidi kama anavyokata kitambaa kilichobaki kidogo. Aliuandika, akafuta, akapunguza, mpaka ukafika maneno tisa. Jumanne ya nne alimsomea mumewe benchini mara tatu, naye akaukariri kimya, midomo ikicheza. Maneno manne yalibaki ya akiba.

Karani aliwaita wote ndani, kwa kuwa siku hiyo Baraza lilikusudia kufunga faili la kwanza na kuingia la pili. Wanachuoni walikuwa wamevaa vizuri. Kalamu tatu zilikuwa zimefunguliwa. Shemeji alikuwa amekaa safu ya nyuma pamoja na wapenda elimu wengine, na mfukoni mwa koti lake ilichungulia bahasha. Mshonaji aliiona bahasha kabla hajaona kitu kingine chochote.

"Assalamu alaikum," Sheikh Mkubwa alimsalimu shahidi.

"Waalaikumu ssalaam."

Kumi na moja.

"Mwanangu, kabla hatujatia saini tunataka faida ya mwisho kutoka kwako. Atakapokuja Mahdi, ninyi mliotangulia mtapataje habari, na mtapokeaje? Tuelezee kwa urefu, usituonee haya."

Marehemu alifungua mdomo. Mshonaji alisimama. Alikuwa hajawahi kusimama ndani ya chumba kile, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia.

"Baba," alimwambia mumewe, "usijibu hilo. Faili halifungwi leo. Tazama mfuko wa mdogo wako. Sema letu sasa hivi, ungali na kitu cha kusema."

Marehemu alimtazama Sheikh Mkubwa, akamtazama mkewe. Ilionekana kumgharimu. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kama bado yanaweza kuitwa hivyo, alimwacha mtu mzima bila jibu.

"Nyumba ile nilimpa mke wangu mahari siku ya ndoa," alisema.

Maneno yalikuwa machache na yalitoka mbali, na hapakuwa na mtu chumbani aliyeyatilia shaka, hata shemeji, ambaye aliinamisha kichwa kama watu wanavyoinamisha wakisikia jambo zito. Sheikh Miwani alivua miwani akafuta vioo. Daktari alifuta macho yenyewe.

"Mtu huyu amesema kweli," Sheikh Mkubwa alisema. "Na mwanamke huyu amedhulumiwa."

"Amedhulumiwa," Sheikh Miwani alisema.

"Dhuluma ya wazi," Daktari alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja kukubaliana kwa jambo lolote mbele ya meza ile, nao walilihisi hilo, wakashikana mikono. Karani aliwakumbusha kwamba maneno yaliyosemwa mbele ya Baraza hayana budi kuandikwa, na kwamba faili lililo wazi ni la kwanza. Basi wakayaandika humo, ukurasa wa mia nne na kumi na mbili. Sheikh Mkubwa aliyaweka chini ya dhuluma itakayoenea kabla ya kuzaliwa kwa Mahdi. Sheikh Miwani aliongeza kwamba ni dalili ya jinsi ulimwengu unavyomhitaji aliyefichika. Daktari aliongeza kwamba ni mfano wa yanayotendeka watu wanapokaa kungoja. Kila mmoja alisoma alichoandika mwenzake akakiona kinafaa, na aya hiyo ikatiwa saini tatu, bila hata neno kufutwa.

"Kwa hiyo mnakubali nyumba ni yangu," mshonaji alisema.

"Tunakubali, mama," Sheikh Mkubwa alisema. "Sote watatu, pasipo shaka."

"Basi nipeni."

Wanachuoni walimtazama karani. Karani alitazama juu ya mlango.

"Faili lako halijafunguliwa, mama," alisema, na ilikuwa wazi kwamba kulisema kulimuuma.

"Lifungeni hilo mlilonalo. Kalamu si hizo?"

Hapo ndipo shemeji alipoinuka kule nyuma, bahasha mkononi, akaomba radhi kwa kukatiza. Ushahidi aliousikia umemgusa, alisema, na umemzalishia swali tofauti na lile alilokuja nalo. Je, dhuluma ya aina hii Mahdi ataiondoa mwenyewe akija, au inapasa kuondolewa kabla hajaja? Aliuliza kwa unyenyekevu. Daktari alisema ni swali zuri, pengine ndilo zuri kuliko yote tangu mwanzo. Sheikh Miwani alisema linahitaji kurasa ishirini. Sheikh Mkubwa alionekana kutaka kusema kitu kingine. Alimtazama mshonaji, akaifunika kalamu yake. Karani akapiga muhuri.

Mshonaji alibaki amesimama. Alitarajia kukasirika, na hasira haikuja. Kilichokuja ni uchovu wa miaka minne, wote kwa mara moja, miguuni. Mumewe alikuja akamshika kiwiko, kama alivyokuwa akimshika wakivuka barabara.

"Twende nyumbani," alimwambia.

Hayo ndiyo yaliyokuwa ya mwisho. Mshonaji hakumuuliza ni nyumbani gani, kwa kuwa asingeweza kumjibu, na kwa kuwa alijua anakokusudia. Roho ilimuuma kuliko siku ya kumzika. Alimrekebisha kola, akamkung'uta vumbi begani, akageukia meza.

"Masheikh," alisema, "mimi sina elimu ya kujua nani kati yenu amesema sawa. Awe amezaliwa, awe hajazaliwa, sawa tu kwangu. Lakini akija, na akiuliza aanzie wapi, mwambieni nipo kwenye benchi la nje. Mwambieni ni nambari mbili."

Wanachuoni waliitikia kwa heshima kwamba watamwambia. Karani alilowesha kalamu wino akaliandika ombi lile neno kwa neno, na kwa kuwa lilimhusu Mahdi, akalitia kwenye faili la kwanza.